Nani Alimzika Mpishi?

Kwa miaka minane nimekanusha kwamba niliruka kurasa. Nimekanusha mbele ya wanafunzi wangu, mbele ya mhariri wa gazeti hili, na mara mbili mbele ya mtu aliyekuwa na haki kuliko wote ya kujua. Leo ninakiri. Ile riwaya nene ya juzuu tatu, ya wafalme wa milimani na majoka ya bonde la chumvi, ambayo nimeitaja katika safu hii kila nilipotaka wasomaji wangu wakumbuke kwamba nilisoma chuo kikuu, sikuimaliza. Juzuu ya kwanza niliisoma yote. Ya pili niliifikisha katikati, kisha nikawa naruka kila walipoanza kutembea na kila walipoanza kuimba, na watu wale walitembea na kuimba kupita kiasi. Ya tatu nilisoma sura ya mwisho tu, nijue nani anavikwa taji, nikairudisha maktaba nikiwa na uso wa mtu aliyetoka vitani. Ningeendelea kukanusha mpaka nife, maana hakuna aliyekuwa akiniuliza tena. Lakini wiki mbili zilizopita mama mmoja anayeuza samaki wakavu alinisubiri mlangoni mwa ofisi, akashusha tenga lake, akaniambia kwamba Mzee Mazishi amefariki dunia huko Mtera, kwa ugonjwa wa kifua, na kwamba wameshamzika.

"Kina nani wamemzika?" nikauliza.

"Sisi wa mwaloni, tunaopokea samaki wa bwawani. Mvua ilikata barabara, ndugu zake hawakufika. Siku tatu tumengoja. Sasa tungemwacha, mama?"

Jina hilo la Mzee Mazishi nililitunga mimi, tena kwa kumdhihaki, na hilo nalo ni sehemu ya kukiri kwangu. Kabla yake watu walimwita Bwana Sinema. Alikuwa mtumishi wa idara moja ya serikali iliyokuwa na gari la kuonyesha filamu vijijini: filamu za kilimo, za afya, za kuchimba vyoo. Filamu zenyewe nyingi zilisema Kiingereza, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, akizieleza kwa Kiswahili, na panapobidi kwa Kigogo. Mara ya kwanza kumwona nilikuwa mwanafunzi, nimekwenda likizo kwa shangazi yangu Makutupora, ambako yeye na nusu ya kijiji walikuwa wakipogoa mizabibu ya watu wengine. Gari lilifika, shuka likatundikwa, yule bwana akasalimia "Mbukwenyi!" na umati ukamwitikia kwa furaha kama vile ni mkwe wao. Nilidhani nitachoka baada ya dakika tano. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya fasihi, na katika mwaka huo mtu huchoshwa na kila kitu.

Filamu ya siku ile ilihusu malaria. Mzee mmoja mkaidi anakataa kufukia madimbwi ya nyuma ya nyumba yake, anashikwa na homa, anakufa. Picha inayofuata, majirani wako juani wanachimba mitaro huku wakiimba. Hapo bibi mmoja wa Kigogo alisimama katikati ya mwanga, kivuli chake kikalifunika shuka zima. "Simamisha hiyo!" akasema. "Yule baba yuko wapi?" Bwana Sinema akamjibu kwa adabu kwamba yule baba amefariki. "Kufa nimemwona, mimi si kipofu. Nauliza mmemlaza wapi? Hawa wanaimba na majembe, na maiti imo ndani?" Watu wakaanza kunung'unika kwamba bibi ana haki. Bwana Sinema akaeleza kwamba mambo hayo kwenye filamu hayamo. "Hayamo kwa nini? Hana wajomba?" Fundi wa mtambo alizima, akasubiri. Kisha Bwana Sinema akashika kipaza sauti chake mbele ya shuka tupu na kumzika yule mzee kwa mdomo: nani alitumwa kuwaita wajomba, nani aliosha, udongo ulikuwa mgumu kiasi gani, mjane alikaa upande gani. Alipomaliza, yule bibi aliketi, akajifunga kanga yake vizuri. "Haya," akasema. "Sasa wachimbe hiyo mitaro." Nilicheka mpaka shangazi akanifinya.

Tangu siku ile, kama alivyonieleza likizo nyingine alipopita tena kwa shangazi, hakumpita tena maiti. Filamu ikiua mtu na kuendelea na safari, yeye alibaki nyuma na kumzika. Akaanzisha daftari. Kila filamu mpya aliitazama kwanza peke yake, akaandika kila aliyekufa, na mbele ya kila jina akaandika nani amemzika. Akikuta hakuna, alitafuta humo humo ndani ya filamu nani angefaa: jirani, askari mwenzake, hata adui mwenye haya. Hakuleta mtu kutoka nje. Nawaomba wasomaji mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi sikulikumbuka wakati ulipofika.

Kisha ikaja miaka hii ya ruksa, ya soko huria. Idara ikapewa barua, na yeye akapewa yake, mistari mitatu, ya kumshukuru na kumpunguza kazini. Gari la sinema likaegeshwa nyuma ya ofisi na halikuondoka tena. Mara ya mwisho nilipoliona, kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Mjini Dodoma yakaota mabanda ya video, mabati juu, mabati ubavuni, mablanketi madirishani, na filamu zisizohusu choo wala mtaro. Mmoja wa wenye mabanda, tajiri wa duka la vipuri karibu na soko, akamchukua awe anafasiri. Hapo ndipo Bwana Sinema alipojipatia jina mjini. Wengine waliofasiri walipiga kelele na kutia mizaha. Yeye alisema polepole, na watu wazima, akina mama wenye vikapu, walikuwa wanaingia saa nane mchana na kutoka wakifuta macho.

Ikafika kanda ya ile riwaya yangu. Juzuu tatu zimegandamizwa katika saa mbili na dakika kadhaa. Wale ambao hawakuiona niwaeleze kwa ufupi: mfalme kijana anavuka bonde la chumvi na jeshi lake dogo kwenda kudai kiti cha baba yake, na katika jeshi hilo kuna mpishi, mtu mnene, mwoga, anayelalamika juu ya kuni tangu mwanzo hadi mwisho. Kwenye daraja, wakifukuzwa, ni yule mpishi anayebaki nyuma, anaziba njia kwa mwili wake na kifuniko cha sufuria, wenzake wanaponea hapo. Anaanguka. Muziki unapanda. Picha inayofuata, farasi mweupe anaingia mjini na maua yanarushwa. Dodoma nzima ilimpenda mpishi yule. Na kwa kuwa Bwana Sinema alikuwa amewazoesha, banda zima liliuliza kwa sauti moja: nani amemzika mpishi?

Alichofanya ni kusimamisha kanda. Picha ikawa inatetemeka kwenye kioo, ina mistari, na yeye akawaambia kwamba wale wale waliokula mikononi mwa mpishi, walipoona hawafukuzwi tena, waligeuza farasi wakarudi kumfuata. Wakamkuta. Wakamzika kando ya mto, na sufuria yake wakaiacha hapo juu, maana hakuna aliyeweza kuibeba bila kulia. Ilichukua muda wa mtu kumaliza soda. Baada ya hapo akaachia farasi mweupe aingie mjini.

Sasa, walikuwepo vijana wa chuo waliokuwa wakija Jumamosi, wanajua Kiingereza kidogo, na wao walikuwa na neno. Mzee anatuongopea, walisema. Sisi tumelipia filamu, yeye anatuuzia hadithi za kwao. Ubishi ukawa mkubwa mpaka tajiri akatafuta wa kuuamua, na mjini palikuwa na mtu mmoja tu aliyejulikana kusoma vitabu vyote vitatu. Alijulikana kwa sababu alikuwa akilisema jambo hilo mwenyewe, gazetini, mara kwa mara. Nilipelekewa ujumbe. Nilikwenda. Nilivaa hata miwani.

Walinikalisha benchi la mbele wakanipa soda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia "Marahaba, mwalimu," akaongeza kwamba amefurahi nimekuja, maana ubishi unachosha. Filamu ikaenda. Mpishi akaanguka, kanda ikasimamishwa, mazishi yakasemwa. Nyuma yangu mwanamke muuza karanga alikuwa akivuta kamasi. Kijana mmoja wa chuo akasimama.

"Mwalimu, hiyo ya kuzika, kwenye kitabu imo?"

Banda lote likanigeukia. Kulikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi: sijui. Watu wazima hulisema kila siku, mafundi baiskeli hulisema, hata mapadri. Lakini mimi nilikuwa na miwani na soda, na nyuma yangu kulikuwa na makala sita za kujisifu. Nikasema, "Haimo."

"Nilikwambia!" kijana akampigia mwenzake kofi la mgongo. "Si nilikwambia?"

Bwana Sinema akanigeukia. Hakuwa na hasira. "Mwalimu, umevisoma vyote?"

"Vyote vitatu."

"Maana mimi naona hivi," akasema, na alisema taratibu kama anayenipa nafasi ya kurudi nyuma. "Mtu aliyekaa chini akaandika vitabu vitatu hawezi kumsahau mpishi. Hawa wa picha wana haraka, wao wamekata. Lakini mwenyewe hawezi."

"Haimo, mzee."

"Basi," akasema. "Kama haimo, haimo." Akafunga waya wa kipaza sauti taratibu, akakiweka juu ya benchi, akatoka kwenye jua. Wiki iliyofuata tajiri alimpa kipaza sauti mtu mwingine, wa kelele. Nami, nikiwa bado na joto la ushindi, niliandika hapa hapa makala ya kuchekesha juu ya mfasiri wa video anayegawa maziko ya bure, nikambatiza Mzee Mazishi. Mlicheka. Nina barua zenu. Jina likamshika, na mjini hakupata tena kazi ya kusema, kwa sababu kila alipofungua mdomo mtu mmoja alimuuliza leo tunamzika nani.

Nimefikiri sana, wiki hizi mbili, juu ya kile ambacho picha huacha inapotoka kwenye kitabu kikubwa. Sisi wa vitabu hupenda kusema kwamba huacha maneno mazuri. Si kweli, maneno mazuri huyachukua yote, huyatia kwenye midomo ya wafalme. Kinachoachwa ni kutembea. Katika kitabu, watu wakitaka kufika mahali huenda kurasa mia moja wakiwa na njaa, viatu vinawaisha, wanagombana juu ya chumvi. Katika picha wanapanda kilima kimoja, wanateremka, wamefika. Kinachoachwa ni nyimbo, na kula, na mtu anayeugua siku nyingi bila kufa wala kupona. Na zaidi ya yote kinaachwa kile kinachokuja baada ya kifo: nani anabeba, nani anachimba, nani kesho yake anapika na chakula hakina ladha ile. Mwenye mkasi hana ubaya. Ana saa mbili. Anajiuliza ni kipi watu hawatakiulizia, na jibu lake karibu kila mara ni maziko ya mpishi.

Na nikifungua macho naona kwamba hata miaka hii tunayoishi tumeonyeshwa hivyo hivyo. Tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni. Sasa sabuni imejaa madukani, ya kila rangi. Ni kweli kabisa, ninaiona, ninainunua. Farasi mweupe ameingia mjini. Lakini kati ya foleni na duka kuna watu walioanguka darajani wakiwa wameshika vifuniko vya sufuria: makarani, madereva, wauguzi wasaidizi, bwana mmoja wa gari la sinema. Walipewa mistari mitatu, na picha ikaendelea. Nisingekuwa na haki ya kuwalaumu wenye mkasi. Riwaya ile mimi mwenyewe niliitengenezea filamu yangu kichwani, nikaikata vibaya kuliko wao. Wao walikata wakijua kilichomo.

Nilimwona mara moja tu baadaye. Nilikwenda Mtera na kundi la wenzangu kwa semina isiyo na maana, na wakati wa kurudi tuliteremka mwaloni kununua samaki. Alikuwa amekaa nyuma ya kichanja cha perege, amekonda, anakohoa. Alinifungia wangu kwenye gazeti; sikuthubutu kutazama kama ni hili. Aliniuliza habari za kazi, habari za shangazi. Halafu, akiwa anafunga kamba, bila kuinua uso: "Mwalimu, ile ya mpishi. Bado haimo?"

Nilikuwa na miaka mitano ya kwenda kutafuta kile kitabu. Nilikuwa hata na nafasi, pale, mbele ya perege, bila kijana wa chuo wala benchi la mbele. Nikasema, "Bado haimo, mzee."

"Haya," akasema. "Wasalimie."

Sikujua, mpaka yule mama wa samaki aliponieleza mlangoni, kwamba huko mwaloni alikuwa amepata tena kazi ya kusema. Pale wanakutana watu wa kila upande wa nchi, wavuvi, wakaangaji, wachuuzi, wengi hawajuani hata majina kamili. Akizama mtu au akifa kwa homa, hakuna wa kusimama kaburini kusoma wasifu wa marehemu. Yeye akawa anakwenda kwa siku mbili kuuliza: alitoka wapi, aliacha nani, alipenda nini. Kisha anasimama na kusema. "Hata mlevi alimfanya mtu," yule mama akaniambia. "Sasa siku yake yeye tulisimama pale, mchungaji akauliza nani anasoma wasifu, tukaangaliana. Hakuna. Tumemfukia kimya kimya, mama, kama mzigo." Akatoa kwenye tenga, chini ya samaki, daftari lililofungwa kwa nailoni. "Humu umo na wewe. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaweka msalaba, ndugu zake nao watafika. Wewe ni mwandishi. Andika, tusome."

Daftari linanuka samaki. Lina mistari, na mwandiko wake ni ule wa watu waliofundishwa kuandika kwa kupigwa. Kurasa za mwanzo ni maiti wa filamu, waliopewa majina naye, Mwenye Kofia, Dereva Mnene, Mama wa Treni, na mbele ya kila mmoja aliyemzika. Katikati, bila mstari wa kutenganisha, wanaanza maiti wa Mtera, nao wameandikwa vile vile. Nafasi zote zimejazwa isipokuwa moja. Ukurasa wa kumi na tisa ameandika: Mpishi. Aliyemzika: na hapo pamefutwa, pamebaki patupu. Chini, kwa kalamu nyingine: "Mwalimu anasema haimo. Kuuliza tena." Na chini yake tena, kwa mwandiko uliolegea: "Nimeuliza. Bado."

Nilijaribu kuandika huo wasifu mara nne. Kila nilipofika kwenye banda la video kalamu ilisimama, kwa sababu sikujua niandike nini mbele ya nduguze: kwamba alikuwa mtu aliyewabunia watu maziko kwa huruma yake, au kwamba alikuwa mtu aliyesema kweli na nikamnyima riziki. Hayo si maneno mamoja, na kaburi likishawekewa msalaba hayabadilishwi. Nimekuwa nikifundisha watoto wa watu kwa miaka mingi kwamba msomaji mzuri ni yule anayekumbuka mengi. Sasa nadhani ni yule anayeweza kutaja, bila kuona haya, ukurasa aliouruka. Anayeuficha humfanya mwenzake mwongo.

Jumatatu asubuhi nilikaa kwenye simu ya ofisi mpaka nikapata laini ya Dar es Salaam. Rafiki yangu niliyesoma naye sasa ni mkutubi katika maktaba ile ile ya chuo kikuu. Nilimuuliza kama juzuu ya tatu bado ipo.

"Ipo, itakwenda wapi? Nani ana nguvu za kuiiba? Ngoja." Nilisikia viatu vyake vikienda na kurudi, na kishindo mezani. "Haya. Unatafuta nini?"

"Mpishi. Anafia darajani. Nitazamie kinachofuata."

Kurasa zilipinduliwa kwa muda mrefu, laini ikikwaruza. "Huyu hapa. Eh, maskini. Ameanguka. Na sura imekwisha."

Naona aibu kuandika kwamba moyo wangu ulitua. "Imekwisha? Kwa hiyo haimo?"

"Haimo nini? Nimekwambia sura imekwisha, sijasema kitabu. Subiri, kuna nyingine." Akaanza kuisoma. Niliwasikia watu wakiongea karibu naye, akawanyamazisha. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wanarudi, dada. Wale aliokuwa akiwapikia. Wamegeuza farasi. Ni sura nzima hii, wanamzika tu."

"Kando ya mto?"

"Mto? Hapana, juu ya kilima. Wanachimba kwa mapanga." Akapindua. "Kumbe na kadi yako ya kuazima bado imo humu. Ulikaa nacho siku mbili. Kitabu hiki kwa siku mbili?"

"Sikukisoma," nikasema.

Hakucheka. Nilivuta daftari, nikafungua ukurasa wa kumi na tisa, nikatafuta kalamu.

"Sasa nikusomee mwisho wake ujue?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Anzia mwanzo wa sura. Na usiruke kitu."